Mawese yanataka moto mapema, muhogo unataka moto uchelewe: uzi wa vimeng'enya vya Kigoma

Mwalimu wa Kibirizi

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha baiolojia hapa Kigoma mjini. Mada ya vimeng'enya wanafunzi huikariri kama dua: ni protini, vinaharakisha mabadiliko ya kikemia bila vyenyewe kuisha, kila kimoja kina kazi yake, joto likizidi vinaharibika. Ukiwauliza viko wapi, darasa zima linajibu tumboni. Leo nataka tuvitoe tumboni, tuvipeleke Simbo kwenye mashine za mawese na Kasulu kwenye mihogo, maana huko ndiko vinakogusa mifuko na miguu ya watu.

Hoja yangu ni hii: ukikamua mawese, moto uwahi. Ukiandaa muhogo mchungu, moto uchelewe. Na sababu ni moja kwa vyote viwili.

Nianze na mawese. Nyama ya chikichi ina mafuta, na humohumo ina kimeng'enya kinaitwa lipasi. Tunda likiwa zima mtini, lipasi haina nafasi kubwa ya kuyafikia mafuta. Mkungu ukidondoka kutoka juu, chikichi zikachubuka, seli zinapasuka na kazi inaanza. Mafuta yameundwa na gliseroli iliyobeba asidi tatu za mafuta. Lipasi inazing'oa hizo asidi na kuziacha huru. Ndizo zinazokwaruza koo, ndizo zinazofanya mafuta yatoe moshi kabla hata hujatia kitunguu. Katika biashara ya kimataifa mawese ghafi hayatakiwi kuzidi asilimia 5 ya asidi huru. Sasa wengi wanadhani tunachemsha chikichi ili zilainike tu. Zinalainika, ndiyo, lakini kazi kubwa ya ule moto ni kuizima lipasi. Viwanda vikubwa vinatumia mvuke wa nyuzi joto kama 140 kwa sababu vinachemsha mikungu mizima. Pipa la Simbo linatosha kabisa, kwani lipasi ya chikichi huzimika mapema sana kabla maji hayajatokota. Tatizo ni siku zinazopita kabla pipa halijawekwa motoni.

Muhogo mchungu ni kinyume chake. Ndani ya seli zake kuna linamarini, ambayo ni sianidi iliyofungwa pamoja na sukari. Ikiwa imefungwa hivyo haimdhuru mmea. Linamarini inakaa kwenye kifuko cha ndani ya seli, na kimeng'enya cha kuifungua, linamarasi, kinakaa kwenye ukuta wa seli. Panya akitafuna, ukuta unavunjika, viwili vinakutana, sianidi inatoka, panya anajuta. Sisi tukimenya, tukaloweka hadi muhogo ukalainika, tunafanya kazi ileile ya panya lakini kwa faida yetu: linamarasi inafungua sumu, na sianidi ikishakuwa huru inapotelea hewani na kwenye maji, maana inachemka kwenye nyuzi 26 hivi. Joto la mchana wa Kigoma tu linatosha kuifukuza.

Sasa chukua muhogo mchungu mbichi, utie sufuriani mzima, uuchemshe. Linamarasi inakufa maji yakifika nyuzi 70 na kidogo. Linamarini yenyewe haina habari na moto, inabaki palepale. Umeua fundi kabla hajamaliza kazi, ukala na mzigo wake. Kwenye utumbo wako kuna bakteria wenye vimeng'enya vya kuifungua, na hapo sianidi inatokea mahali ambapo hutaki itokee.

Karibuni tujadili. Wale wa muhogo mtamu wa kuchemsha na chai, ninyi kuleni tu, linamarini yake ni kidogo.

Fundi Pipa

Mwalimu, shikamoo. Umeongea vizuri lakini umeongea kama mtu ambaye hajawahi kusubiri zamu ya mashine.

Mimi niko kwenye mawese toka nikiwa kijana. Mkungu ukiukata leo chikichi hazitoki. Zimeshika. Ndiyo maana tunaurundika chini, tunaufunika na majani, tunasubiri zilegee zenyewe, kisha tunachambua. Zikichambuliwa haziendi motoni moja kwa moja, zinangoja pipa lijae, kwa sababu kuni ni pesa na huwezi kuwasha moto kwa nusu pipa. Pipa likichemka unangoja mashine. Hapo kama kuna mwenye mzigo mkubwa mbele yako, utalala.

Halafu jambo la pili. Mnunuzi wa dumu la lita 20 anakuja, anaangalia rangi, ananusa, anapima ujazo, anatoa hela. Sijaona hata mmoja aliyekuja na kipimo cha hiyo asidi yako huru. Mimi nikiwahi moto na jirani akichelewa, bei yetu ni moja. Sasa niambie niwahi kwa faida ya nani?

Mama Ntilie wa Mwanga

Kwa faida ya sisi wakaangaji, fundi! Mawese mengine ukitia kwenye kikaango mtaa mzima unakohoa. Mimi mnunuzi wangu nimeshamjua, akiniletea yale ya kukwaruza namrudishia dumu lake.

Fundi Pipa

Mama, ungekuwa unalipa zaidi kwa yale mazuri tungeelewana.

Mwalimu wa Kibirizi

Marahaba, Fundi. Hoja ya bei sina jibu lake, na nadhani ndiyo hoja nzito kuliko zote humu. Serikali kupitia TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo, imesambaza miche ya michikichi aina ya tenera yenye nyama nene kuliko dura wetu wa zamani, lakini nyama nene ikirundikwa na kufunikwa kwa siku nyingi inakupa mafuta mengi yenye asidi nyingi. Mbegu bora haizimi lipasi.

Kuhusu kuchambua: kuna wanaoupasua mkungu kwa shoka vipande vipande siku ileile na kuvichemsha hivyohivyo na vikonyo vyake. Chikichi zikipata moto zinaachia kirahisi. Kuni zinaongezeka kidogo, siku zinapungua. Na ukiona huwezi kuwahi, basi angalau usizibamize, maana chikichi iliyochubuka inaharibika haraka kuliko nzima.

Bi Mkubwa wa Ujiji

Wanangu nimesoma, nimefurahi. Mimi sikusoma hiyo elimu yenu lakini nimepika sombe miaka mingi. Bibi yangu alikuwa akimuona msichana anatia majani ya muhogo sufuriani bila kuyatwanga anamfukuza jikoni. Majani yanatwangwa kwenye kinu mpaka yawe laini, yanaachwa kidogo, halafu yanachemshwa chungu kikiwa wazi, hakifunikwi. Mawese na dagaa mwisho kabisa. Tukiuliza kwa nini, tunajibiwa sombe lisilotwangwa linaleta kizunguzungu. Hiyo nayo ni linamarasi yako, mwalimu?

Mwalimu wa Kibirizi

Shikamoo bibi. Hiyo ndiyo yenyewe, tena kwa majani ni wazi zaidi. Majani ya muhogo yana linamarini nyingi na yana linamarasi nyingi sana. Kinu kinavikutanisha kwa dakika chache, kazi ambayo kwa mzizi inahitaji kuloweka siku kadhaa. Kuacha kidogo kabla ya moto ni kuwapa muda. Chungu kuwa wazi ni kuiachia sianidi njia ya kutokea. Sijui nani alimfundisha bibi yako, lakini utaratibu wake hauna hatua hata moja ya kupunguza.

Mtoto wa Kasulu

Mwalimu naomba kuuliza, nisionekane mjinga. Umesema linamarasi "inakufa" na lipasi "inazimika". Lakini chikichi ikishakatwa si imekufa tayari? Muhogo ukishachimbwa umekufa. Inakuwaje vitu vya ndani vinaendelea kufanya kazi kwenye maiti?

Mwalimu wa Kibirizi

Swali zuri kuliko yote humu, na lilisumbua wakubwa kwa miaka mingi. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur aliamini sukari haigeuki pombe bila seli hai ya hamira. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira na mchanga mpaka seli zikapasuka, akakamua maji yake, akayachuja, akatia sukari. Hakukuwa na seli hai hata moja, na bado mapovu yakatoka, pombe ikapatikana. Mwaka 1907 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Baadaye, 1926, Mmarekani James Sumner akakipata kimeng'enya kikiwa fuwele safi kutoka kwenye aina ya maharage, akaonyesha kwamba ni protini. Wenzake walimbishia kwa miaka, mpaka naye akapata Nobel 1946.

Kwa hiyo kimeng'enya hakina uhai. Ni molekuli. Tukisema kimekufa tunamaanisha umbo lake limeharibika. Protini ni mnyororo mrefu uliojikunja kwa namna maalumu, na mahali fulani kwenye mikunjo hiyo pana nafasi inayopokea kitu kimoja tu. Joto linaikunjua ile mikunjo, nafasi inapotea, na haijirudishi tena hata ukipooza sufuria, kama ute wa yai uliopikwa.

Tofauti ya kiumbe hai na maiti ni kwamba hai anavidhibiti: anavitenga, anaviwasha, anavizima, anatengeneza vipya. Akifa, kuta zinavunjika na vyote vinafanya kazi bila msimamizi.

Kapteni Karabai

Hapo kwa maiti nimeelewa mara moja, maana maiti ndiyo kazi yangu. Dagaa.

Tunavua usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa tunapumzika. Dagaa wakipanda mtumbwini alfajiri, saa chache tu za jua ukichelewa kuwaanika, matumbo yanapasuka. Si kwamba wameoza, harufu bado nzuri, lakini tumbo limefunguka. Mchuuzi akiona tumbo limefunguka bei inashuka. Na nimeona wale waliovuliwa wakiwa wameshiba wanapasuka haraka kuliko wenye matumbo matupu. Wazee wanasema hao wamekula vibaya.

Mwalimu wa Kibirizi

Kapteni, wazee wameona sawasawa. Samaki aliyekula ana vimeng'enya vingi vya kusaga protini vimemwagwa kwenye utumbo, vikisaga chakula. Akiwa hai ukuta wa utumbo unajilinda. Akifa ulinzi unakoma, na vimeng'enya vinahama kutoka kusaga chakula hadi kusaga tumbo lenyewe. Bakteria wanakuja baadaye, wanakuta mlango umeshafunguliwa.

Kuanika kunasaidia kwa sababu vimeng'enya vinahitaji maji. Ukiondoa maji vinasimama, havifi. Ndiyo maana dagaa mkavu akinyeshewa ghalani shughuli inaanza upya. Chumvi ya Uvinza mnayotia kwenye migebuka inafanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine: inavuta maji nje. Barafu nayo inapunguza kasi tu. Katika vyote, moto peke yake ndio unaomaliza kesi.

Mnyamwezi wa Sikonge

Watani zangu wa Kigoma naona mmejifungia na mawese. Tabora tuko hapa na asali. Nyuki anachukua maji matamu ya maua ya miombo, anayatilia vimeng'enya kutoka kwenye tezi za kichwa chake, ndiyo inakuwa asali. Bila hivyo ni maji ya sukari tu.

Ila nina malalamiko. Kuna wanaochemsha asali ili ichujike haraka na isigande dukani. Mteja anaona inang'aa, anafurahi. Nataka mwalimu awaeleze wanachopoteza.

Mwalimu wa Kibirizi

Mtani, karibu. Nyuki anatia angalau vitatu vya kujadili. Invertasi inaigawa sukari ya maua kuwa glukosi na fruktosi. Diastasi inasaga wanga. Glukosi oksidasi inaitumia glukosi kidogo kutengeneza asidi na haidrojeni peroksaidi, hasa asali ikiongezewa maji. Hiyo peroksaidi ndiyo sababu mojawapo ya asali kuua vijidudu kwenye kidonda.

Asali ikichemshwa vimeng'enya hivi vinaharibika, na kuna njia ya kukamata mtu aliyefanya hivyo. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka kipimo cha diastasi kisipungue 8 kwa asali nyingi. Diastasi haina umuhimu mkubwa kwa mlaji, tunayo ya kwetu mateni, lakini ni shahidi: ikiwa chini, asali imepata moto au imekaa ghalani muda mrefu. Kwa hiyo asali yako, mtani, ipange na muhogo. Moto ukae mbali.

Dozi Asilia

Asante mwalimu kwa elimu. Ndugu zangu, magonjwa mengi leo yanatokana na UPUNGUFU WA VIMENG'ENYA mwilini kwa sababu tunapika vyakula kupita kiasi. Suluhisho ni unga wetu wa vimeng'enya hai 21 kutoka matunda na mimea. Unasafisha ini, unayeyusha kitambi, unaondoa gesi, unarudisha nguvu za kiume. Kopo moja kwa mwezi. Njoo inbox upate ofa.

Nesi Mstaafu

Dozi Asilia, kabla ya inbox tujibiane hapa hadharani.

Vimeng'enya ni protini. Tumboni kuna asidi ya pH kati ya 1 na 2 hivi, na kuna pepsini ambayo kazi yake ni kukata protini. Unga wako ukifika pale unasagwa kama maharage. Mwili unachukua vipande, unajenga vya kwake. Haupokei kimeng'enya cha papai ukakipeleka kwenye ini. Vimeng'enya vya ini vinatengenezwa ndani ya ini kwa maelekezo ya vinasaba vyako. Tena tukimpima mtu damu tukakuta vimeng'enya vya ini vimejaa humo, hatumpongezi. Maana yake seli za ini zinapasuka na kuvimwaga.

Kuna wagonjwa wanaopewa vimeng'enya kweli, kwa mfano kongosho likishindwa kazi. Hivyo hutengenezwa kwenye vidonge vyenye ganda linalovumilia asidi mpaka vifike utumbo mdogo, na daktari ndiye anayeamua. Kuna pia laktasi kwa watu ambao maziwa yanawaunguruma tumbo. Hizo ni kazi zinazofanyika ndani ya utumbo wenyewe. Kuyeyusha kitambi hamna.

Dozi Asilia

Wazungu hawataki tujue dawa zetu.

Bi Mkubwa wa Ujiji

Mwanangu, papai hilo sisi tunalijua. Nyama ya ng'ombe mzee tunaipaka papai bichi, tunaifunga kwenye majani yake, tunaiacha, jioni imelainika. Kulainisha nyama ya mezani na kulainisha kitambi ni vitu viwili.

Nesi Mstaafu

Bibi umemaliza. Papaini kwenye utomvu wa papai bichi inakata nyuzi za nyama kweli, ikiachiwa muda kabla ya moto.

Mtoto wa Kasulu

Nesi, hilo la maziwa limenigusa. Mimi nikinywa maziwa fresh usiku sikai. Mtindi hauna shida. Rafiki yangu wa jamii ya wafugaji anakunywa lita nzima na analala.

Nesi Mstaafu

Pole. Karibu watoto wote wachanga wana laktasi ya kukata sukari ya maziwa. Kwa watu wengi duniani inapungua wakikua, huo ndio utaratibu wa kawaida na si ugonjwa. Sukari isiyokatwa inafika utumbo mpana, bakteria wanaichachua, unapata gesi na kuhara. Kwenye mtindi bakteria wameshakula sehemu ya hiyo sukari.

Rafiki yako amerithi mabadiliko ya kinasaba yanayoiacha laktasi ikitengenezwa maisha yote. Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff ilichapisha utafiti uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta mabadiliko tofauti na yale ya Wazungu. Wafugaji wa huku walipata uwezo huo kwa njia yao.

Mtani wa Gombe

Mimi natembeza wageni, nina kimoja tu cha kuongezea. Sokwe wa Gombe na ninyi mnaosoma hapa mna upungufu mmoja unaofanana: kimeng'enya cha mwisho cha kutengeneza vitamini C hatuna. Kinasaba chake tunacho lakini kimeharibika zamani sana. Mbuzi anacho kizima, ndiyo maana hahitaji chungwa. Nikiwaambia wageni wanacheka, halafu wanamtazama sokwe akila matunda kwa heshima mpya.

Nesi Mstaafu

Naomba turudi kwenye muhogo, maana mwalimu amepita haraka mahali ambapo mimi nisingepita.

Sianidi inaua vipi? Ndani ya kila seli kuna kimeng'enya kinachoitwa saitokromu oksidasi. Ndicho kinachoipokea oksijeni mwishoni mwa safari ya kutengeneza nguvu. Sianidi inakishika na kukizuia. Mtu anapumua, damu ina oksijeni, lakini seli haziwezi kuitumia. Kwa hiyo kimeng'enya kimoja kwenye muhogo kinaachia sumu inayozuia kimeng'enya kingine kwako.

Mwili una cha tatu cha kujitetea, rodanasi, kipo kwa wingi kwenye ini. Kinaichukua sianidi, kinaiunganisha na salfa, inakuwa thaiosianati ambayo haina makali hayo na inatoka na mkojo. Lakini rodanasi haifanyi kazi bila salfa, na salfa hiyo inatoka kwenye protini tunazokula. Mtu anayekula ugali wa muhogo kwa dagaa anampa rodanasi vifaa. Mtu anayekula ugali wa muhogo na mboga ya majani tu, siku baada ya siku, hana cha kumpa.

Ndiyo sababu kuna ugonjwa unaitwa konzo. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 huko Kongo. Tanzania uliwahi kutokea Tarime miaka ya 1980, ukatokea tena Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtu anaamka miguu imekakamaa, mara nyingi ni watoto na akina mama, na haiponi. Unatokea pale mambo mawili yanapokutana: njaa inawafanya watu wafupishe kuloweka, na njaa hiyohiyo inawanyima samaki na maharage. Ukame unaongeza la tatu, kwani muhogo uliokosa mvua huwa na linamarini nyingi zaidi.

Kwa hiyo mtu akija na mbinu ya kuokoa siku moja ya kuloweka, mkataeni.

Kapteni Karabai

Nesi umenipa sababu ya kupandisha bei ya dagaa.

Nesi Mstaafu

Usithubutu.

Mama wa Makere

Asanteni kwa mafundisho. Mimi swali langu ni la unga. Nanunua unga wa muhogo sokoni, sijui aliloweka siku ngapi au alikata makopa akayaanika tu. Nifanyeje? Kuuchemsha ugali sana kunasaidia?

Mwalimu wa Kibirizi

Mama, kuchemsha sana hakusaidii, ni kosa lilelile la moto kuwahi. Makopa yaliyoanikwa tu bila kulowekwa yanaacha linamarini nyingi, hasa yakikauka haraka, kwa sababu linamarasi inasimama maji yakiisha kabla haijamaliza. Lakini kumbuka nilichomwambia Kapteni: imesimama, haijafa. Ipo kwenye unga wako.

Mtaalamu Howard Bradbury wa Australia na wenzake walitumia hilo hilo. Chukua unga unaotaka kupika leo, uchanganye na maji mpaka uwe rojo zito, utandaze kwenye sinia au turubai safi tabaka nyembamba isiyozidi sentimita moja. Uache juani kwa muda wa saa 2, au kivulini kwa muda wa saa 5. Maji yanaiamsha linamarasi, inamaliza linamarini iliyobaki, sianidi inapaa. Kisha songa ugali kama kawaida, siku hiyohiyo, usiulaze. Njia hii imetumika vijijini Kongo kuzuia konzo.

Haifanyi kazi kama unga umetokana na muhogo uliochemshwa kwanza, maana humo hakuna tena cha kuamsha.

Mama wa Makere

Na rojo likikaa saa 2 ugali hauchachi?

Bi Mkubwa wa Ujiji

Hauchachi mwanangu, ila unashikana vizuri zaidi. Usiongeze maji mengi sufuriani, unga tayari umeshakunywa.

Fundi Pipa

Mwalimu, muhogo umeisha, narudi kwenye mawese. Nimefikiri maneno ya Mama Ntilie. Kama kuna wakaangaji wanaorudisha madumu, basi kuna soko la mafuta mazuri, ni uthibitisho tu haupo. Hiyo asidi huru inapimwaje? Ni mashine ya mamilioni?

Mwalimu wa Kibirizi

Si ya mamilioni, Fundi. Maabara ya sekondari inatosha. Unapima gramu kadhaa za mafuta, unayayeyusha kwenye alkoholi ya vuguvugu, unatia matone ya fenolfthaleini, halafu unadondosha sodiamu haidroksaidi ya kiwango kinachojulikana huku ukitikisa. Ikigeuka waridi ikabaki hivyo, asidi imeisha, unasoma umetumia mililita ngapi, unapiga hesabu. Ugumu kwa mawese ni wekundu wake, waridi inajificha. Dawa yake ni kutumia mafuta kidogo na alkoholi nyingi.

Lete chupa tatu ndogo: ya chikichi zilizochemshwa siku ya kukatwa, ya zilizokaa siku tatu, na ya zilizokaa wiki. Andika siku kwenye kila chupa. Kidato cha sita watapima, itakuwa mazoezi yao ya vitendo.

Mama Ntilie wa Mwanga

Na mimi nilete ya yule ninayemrudishia dumu?

Mwalimu wa Kibirizi

Leta, mama.

Fundi Pipa

Nakuja Jumamosi na chupa zangu. Ila majibu mwalimu weka namba tu, usiandike ni mafuta ya nani. Hapa Simbo wote tunasoma huu uzi.